Run: Kineno cha herufi tatu kilichomkalisha mtu miezi tisa

Haya jamani. Wakubwa shikamooni, wa rika langu habari za saa hizi, na wadogo zangu chukueni marahaba yenu kabisa hata kabla hamjaniamkia ili tusipoteze muda.

Nimeitwa niongee kuhusu Kiingereza, na kiukweli waandaaji walitaka niongelee sarufi, nikawaambia sarufi watu watalala, nipeni neno moja tu linanitosha, tena dogo, la herufi tatu. Neno lenyewe ni run. Humu ndani kila mtu analijua, ukimwamsha mtu usiku wa manane ukamuuliza run maana yake nini atakujibu "kukimbia" halafu anageukia ukutani anaendelea na usingizi wake. Na hajakosea. Ila amekupa maana moja, bado mia sita na arobaini na nne.

Sitanii. Ile kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, walipolifikia neno hili kwenye toleo lao la tatu mwaka 2011, walihesabu maana 645, na hizo ni za kitenzi peke yake, run ya nomino wameiweka pembeni ina hesabu yake. Mhariri aliyekabidhiwa kazi hiyo anaitwa Peter Gilliver na ilimchukua miezi tisa. Miezi tisa jamani, kwa neno moja. Wenye watoto mnajua kitu gani kingine kinachukua miezi tisa.

Na kabla ya run bingwa alikuwa neno lingine. Kwenye toleo la pili la kamusi hiyohiyo, la 1989, lile la majuzuu 20, neno lenye maelezo marefu kuliko yote lilikuwa set, maneno kama elfu 60 hivi kulielezea neno moja tu, maana yake ukiweka set peke yake unapata kitabu kizima cha kawaida. Halafu wakaanza kuipitia kamusi upya, na hawakuanzia A bali walianzia M, ndo mwaka 2000 make ikampita set, 2007 put ikampita make, 2011 run ikawapita wote. Mmeona aina ya maneno yanayogombania taji hapa? Set, make, put, run. Hakuna hata moja la kisomi, hakuna neno la daktari wala la mwanasheria, ni maneno ya mtoto wa miaka mitatu. Nataka mlishike hilo maana tutalirudia.

Wengine mtauliza, hivi mtu anahesabuje maana? Anakaa tu anafikiria? Hapana bwana. Kamusi hii tangu mwanzo imejengwa kwa ushahidi. Wazo lake lilizaliwa 1857 kwenye chama cha wanafilolojia, yaani wataalamu wa lugha, London, mwaka 1879 akachukua usukani mhariri mmoja Mskoti, James Murray, na watu wa kujitolea toka kila upande wakawa wanasoma vitabu na kumtumia vikaratasi kwa posta. Kikaratasi kimoja kinabeba neno moja, limeandikwa juu pembeni, chini yake sentensi nzima ambamo neno limetumika, nani kaandika, kitabu gani, mwaka gani, basi. Vikaja kwa mamilioni. Murray alikuwa na kibanda cha mabati kwenye bustani ya nyumba yake, ndani kuna makabati ya vishimovishimo kama vya posta, na watoto wake, alikuwa nao kumi na mmoja, walikuwa wanapewa hela kidogo ya kuchezea ili wavipange vile vikaratasi kwa alfabeti.

Sasa jiweke kwenye kiti chake. Una mezani vikaratasi vya run, rundo. Unaokota cha kwanza, farasi anakimbia, unaweka kushoto. Cha pili, mto unatiririka, unaweka kulia. Cha tatu, damu inachuruzika, hii unaiweka pamoja na mto au iwe na fungu lake? Cha nne, mshumaa unayeyuka nta inashuka pembeni, haya, na hii je? Cha tano meli iko baharini upepo unaisukuma. Unapanga mpaka jioni, unaona sasa mafungu yamekaa sawa, unaokota kikaratasi cha mwisho unakuta hakiingii kwenye fungu lolote, na ukikitengenezea fungu jipya yale ya zamani yote yanavurugika, inabidi uanze upya. Murray mwenyewe aliwahi kulalamikia kitu hichohicho. Alifariki 1915 kamusi haijaisha, ilikuja kukamilika 1928.

Na hata yeye hakuwa wa kwanza kulia na haya maneno. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake 1755, kwenye utangulizi wake aliyataja kabisa kwa majina yale yaliyomtesa, get, give, do, put, set, go, run, make, take na wenzake, akasema maana zake zimelegea mno na matumizi yake hayashikiki. Take peke yake aliipa maana 134. Kwahiyo wewe ukilalamika kwamba Kiingereza kinakuchanganya kwenye vitu vidogo, jua uko foleni moja na Samuel Johnson, hiyo si aibu, ni heshima.

Basi tuingie ndani tuzunguke kidogo, siwezi kuwapitisha kwenye zote 645 tutakesha hapa.

Mwili kwanza. Pua yako ina mafua, kwa Kiingereza inarun. Una homa, unairun hiyo homa, yaani wewe ndo unaiendesha kana kwamba ni gari. Tumbo limechafuka umeshinda chooni, una the runs. Soksi ndefu za kina mama zimefumuka uzi mmoja mstari ukashuka mpaka kifundoni, ule mstari ni run, angalau kwa Wamarekani, Waingereza wao wanauita ngazi. Umefua shati jekundu na jeupe pamoja, jeupe limetoka la waridi, rangi imerun, sisi tunasema imechuja. Vipara vinarun kwenye ukoo fulani, yaani ukoo ule kuwa na kipara ni jadi yao.

Tukitoka mwilini tukaenda kwenye siasa napo vituko. Mmarekani akitaka urais anarun, anakimbia, Mwingereza akitaka ubunge ana-stand, anasimama. Kazi ileile, kura zilezile, huyu anakimbia huyu kasimama. Sisi tumechagua kusema anagombea, na nadhani katika watatu sisi ndo tumekuwa wakweli zaidi.

Hapa kwenye benki niruhusuni nikae kidogo maana napapenda. Kuna kitu kinaitwa a run on the bank, pale ambapo wenye hela zao wanasikia benki inayumba na wote wanataka kuzitoa kwa wakati mmoja. Septemba 2007 ilitokea Uingereza kwa benki iitwayo Northern Rock, picha zake zilisambaa dunia nzima, na ukiziangalia zile picha unaona nini? Unaona foleni. Watu wamesimama kwenye mstari nje ya matawi ya benki, wengine wazee, wametulia. Hakuna anayekimbia hata mmoja. Halafu Machi 2023 Marekani ikaja ya Silicon Valley Bank, tarehe 9 wateja walijaribu kutoa dola bilioni 42 ndani ya siku moja, kesho yake tarehe 10 benki ikafungwa na mamlaka, na safari hii hata foleni haikuwa na maana tena kwasababu watu walikuwa wamekaa kwenye makochi wanabonyeza simu na kompyuta. Zote mbili zinaitwa run. Ya kwanza watu walisimama, ya pili walikaa. Sasa wewe uliyekariri kwamba run ni kukimbia, eleza hapo nani alikimbia? Labda hela.

Kriketi nayo ni hivyohivyo. Pointi zao wanaziita runs kwasababu kimsingi wachezaji wawili wanakimbia kubadilishana ncha za ule uwanja mdogo wa katikati. Lakini mpigaji akiutandika mpira ukavuka mpaka wa uwanja bila kudunda anapewa runs sita, na hatakiwi kupiga hata hatua moja, anaegemea gongo lake anapigiwa makofi. Amepata runs sita bila kurun. Hapo neno limeshasahau kabisa lilikotoka, na hakuna mchezaji anayeshtuka.

Kompyuta sitakaa sana. Mwaka 1964 pale chuo cha Dartmouth Marekani walitengeneza lugha ya programu ya watu wa kawaida inaitwa BASIC, ukishamaliza kuandika maelekezo yako unaandika RUN, mashine inayafuata mstari kwa mstari. Kabla ya hapo mashine za viwandani na treni zilikuwa zinarun muda mrefu tu, kwahiyo kompyuta ilirithi, haikubuni. Na vijana wetu wa kompyuta mnawajua, hawahangaiki hata kutafsiri, "nimeirun imegoma", imeisha hiyo.

Sasa kuna jambo nataka mlisikilize vizuri, wale mliokuwa mnachati wekeni simu chini dakika mbili. Kuna watu wakisikia haya yote wanasema, unaona, Kiingereza lugha ya ovyo haina mpangilio, Kiswahili chetu kila kitu na neno lake. Thubutu! Chukua kitenzi kuendesha. Mama anaendesha gari. Mama huyohuyo anaendesha kampuni. Anaendesha semina. Anaendesha baiskeli. Na mtoto wake akila kitu kibovu utasikia "mtoto anaendesha tangu jana", na hapo hakuna gari wala kampuni, kuna nepi. Mmegundua kitu? Kampuni na tumbo. Kiingereza kimeziweka run a company na the runs kwenye nyumba moja, Kiswahili nacho kimeweka kuendesha kampuni na kuendesha kwa tumbo kwenye nyumba moja, na hizi lugha mbili si ndugu, hazikukaa kikao. Mimi hilo huwa linanifurahisha kuliko ile 645.

Na sijagusa piga bado. Piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga picha, piga kura, piga deki, piga chafya, piga mbizi, piga magoti, piga hodi, piga umbea. Mgeni anayejifunza Kiswahili anaangalia kamusi anakuta piga ni kuchapa kwa mkono au kwa fimbo, anabaki anajiuliza hawa watu wana ugomvi gani na pasi. Kwahiyo tusicheke.

Kwanini iwe hivi basi? George Zipf, Mmarekani aliyekuwa na ugonjwa wa kuhesabu maneno, aliandika mwaka 1945 kwamba neno likitumika sana ndo maana zake zinavyoongezeka, na akaweka kabisa kipimo, kwamba idadi ya maana inakwenda na kipeuo cha pili cha idadi ya matumizi, yaani kwa makadirio neno linalotumika mara nne zaidi ya jingine litakuwa na maana mara mbili ya zile za mwenzake. Si sheria ya chuma lakini mwelekeo upo, na ndo unaeleza kwanini taji la kamusi linagombaniwa na maneno ya watoto. Neno lililo karibu na mkono ndilo linaloshikwa kikija kitu kipya kisicho na jina. Mashine imekuja, inazunguka haisimami, tuiiteje? Watu hawaendi maktaba kutafuta neno, wanachukua lililopo mdomoni.

Lakini kuchukua huko si kwa kubahatisha. Angalieni run zote nilizotaja, za pua, za mto, za mashine, za benki, za rangi, za ukoo, nyingi zina kitu kinachotembea kwa mwendo wake bila kukatika, kikishaanza kinaendelea. Na Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, tayari kilikuwa kinalitumia neno hili kwa watu na kwa maji pia, kwahiyo wanaosema maana "halisi" ni ya miguu na ya maji ni ya kuazima mimi huwa nawauliza, halisi kwa mujibu wa nani? Hata barabara inarun kando ya mto. Barabara jamani, kitu ambacho kazi yake yote ni kutotembea. Kinachotembea ni jicho la anayeitazama. Na sisi tunasema barabara inapita, inapanda mlima, inashuka, inakata kona, hatushangai.

Hapo lazima nitofautishe vitu viwili kwasababu watu wanavichanganya. Kuna neno moja lenye maana nyingi zilizo ndugu, wataalamu wanaita polisemia, jina lililoletwa na Mfaransa Michel Bréal mwaka 1897. Na kuna maneno tofauti kabisa yaliyofanana sauti kwa ajali tu, hayo ni homonimu. Kwetu kaa la moto, kaa wa baharini na kaa kitako, hizo hazina undugu, usijisumbue kutafuta hadithi ya kuziunganisha. Kwao bat yule popo na bat lile gongo la kriketi, hazijuani. Run siyo hivyo, run ni ukoo mmoja, kuna wajomba wa mbali sana humo ndani lakini ukoo ni mmoja. Na katika ukoo ndugu wanaweza hata kupishana kabisa, chukua fast, ni haraka, na hapohapo kitu kikiwa stuck fast kimenasa hakisogei. Asili yake ilikuwa imara, -a kushika kwelikweli. Aliyekimbia kwa kukaza akaonekana anakimbia haraka, na aliyeshikilia amri ya kutokula akawa ame-fast, amefunga. Ndo hivyo, imara imezaa haraka, imezaa na njaa.

Sasa niseme ninachoamini mimi, na mnaruhusiwa kunipinga. Ile namba 645 siiamini. Siyo kwamba wamedanganya, hapana, wamefanya kazi kubwa sana. Ninachosema ni kwamba ile siyo hesabu kama ya mayai kwenye trei. Kuna hazina nyingine ya maneno ya Kiingereza iliyotengenezwa chuo kikuu cha Princeton, inaitwa WordNet, wao kwenye run wana maana 41 za kitenzi na 16 za nomino. Neno lilelile! Mmoja kasema 645 mwingine 41, na hakuna aliyekosea, tofauti ni kisu. Mmoja anakata vipande vyembamba, mto unatiririka ni maana moja, machozi yanatiririka maana nyingine, kwasababu anataka kuonyesha historia ya kila tumizi na mwaka lilipoanza. Mwingine anakata mapande makubwa. Maana haziko mle ndani ya neno zimepangwa zinasubiri kuhesabiwa, ni sisi tunaokata.

Basi kama haziko ndani ya neno ziko wapi? Kwa majirani zake. J. R. Firth, profesa wa isimu Uingereza, alisema mwaka 1957 kwamba utalijua neno kwa wenzake linaotembea nao. Ukisema run peke yake mimi siwezi kujua unataka nini, ukisema run na a bath najua unafungulia maji ya kuoga, run na a red light umepita taa nyekundu ujiandae kwa faini, run na guns wewe ni mfanya magendo ya silaha, run na errands umetumwa huku na kule. Wanaojua Kiingereza vizuri hawana orodha ya 645 kichwani, nani atabeba mzigo huo, wanalijua neno kwa wenzake.

Kichwa kinafanyaje hiyo kazi kwa kasi vile? Kuna jaribio la David Swinney la 1979 ambalo ni tamu sana. Neno ni bugs, ambalo ni wadudu na vilevile ni vile vidude vya siri vya kunasa maongezi. Watu walivalishwa hedifoni wakasikilizishwa habari ya mtu aliyekuta buibui, mende na bugs wengine kwenye kona ya chumba chake. Hapo hakuna utata, mende na buibui wameshatajwa, ni wadudu. Neno bugs lilipotoka tu, kwenye skrini mbele yao yakatokea maandishi, na kazi yao ni kubonyeza kama hilo ni neno la Kiingereza au siyo. Wakionyeshwa ant, sisimizi, wanabonyeza upesi, hilo tunategemea. Lakini wakionyeshwa spy, jasusi, nalo wanalitambua upesi kuliko neno lisilohusika. Yaani ujasusi ulishafunguka kichwani ingawa wanasikia habari za mende! Ila maandishi yakicheleweshwa silabi tatu tu mbele, spy imeshazimika, amebaki sisimizi. Kwa hiyo kichwa kinafungua milango yote, kinachungulia, kinafunga isiyotakiwa, na mwenye kichwa hana habari.

Mashine ilichelewa sana kufika hapo. Mwaka 1960 Yehoshua Bar-Hillel, mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kwenye tafsiri ya kompyuta, aliandika mfano uliowavunja watu moyo. Mtoto John anatafuta boksi lake la vitu vya kuchezea, mwisho analipata, the box was in the pen. Pen kalamu? Boksi haliingii kwenye kalamu. Ni kile kizimba cha kuchezea mtoto, nacho kinaitwa pen. Mtu yeyote anajua, na anajua kwasababu anajua ukubwa wa kalamu na ukubwa wa boksi, siyo kwasababu ya sarufi, Bar-Hillel akauliza kompyuta itajuaje ukubwa wa vitu? Akaona haiwezekani. Siku hizi programu za tafsiri mara nyingi zinaipatia, na zilivyoipatia ni kwa njia ya Firth, zimesoma maandishi mengi kupita kiasi mpaka zikajua neno gani linatembea na nani. Ila bado zinateleza, na zikiteleza ni kwenye haya madogo, maneno marefu ya kitaalamu zinayapiga chini bila jasho.

Haya, mlioko hapa wengi mnajifunza au mnatafsiri, mnataka cha kuondoka nacho. Ushauri wangu ukikutana na run usianze na run. Anza na nani anayefanya. Kama ni kimiminika fikiria kutiririka, kama ni mashine fikiria kufanya kazi, kama ni filamu au mchezo wa jukwaani basi unaendelea kuonyeshwa, kama ni mkataba basi muda wake bado unahesabika. Halafu angalia kinachofuata, na hapo ogopa vile vineno vidogo vya nyuma kuliko kitu kingine chochote, maana ndo vyenye sumu. Run out, kitu kimeisha. Run out of, wewe umeishiwa nacho. Run into, umekutana na mtu bila kupanga, au umegonga ukuta, angalia kama ni mtu au ukuta, na kama ni mtu na mwenye gari angalia mara mbili. Run over, umemkanyaga na gari, au kikao kimepitiliza muda. Run by, nipitishie hilo wazo nilisikie. Run through, tulipitie harakaharaka. Run away huyo kweli kakimbia, mshukuruni.

Run down nayo ina tabia mbaya kuliko zote. Gari linaweza kum-run down mtu, betri inaweza ku-run down, mtu anaweza kumrun down mwenzake kwa maneno yaani kumponda, na jengo likiwa run-down limechakaa, mwili ukiwa run-down umechoka hoi. Ukikariri "run down ni kukimbia chini" utatafsiri kwamba jengo lilikimbia likashuka, na nimeshawahi kuona tafsiri karibu na hiyo, sitasema ya nani.

Sawa, nimeonyeshwa saa. Nawaachia sentensi moja tuifanye hapahapa kabla ya maswali, nimeitunga mwenyewe asubuhi kwahiyo msiitafute kwenye intaneti: He ran the company until the money ran out, then ran for mayor and ran into the same reporter who used to run him down. Dakika tatu, wawiliwawili, andikeni Kiswahili kinachosomeka. Run ziko tano humo, na mwenye "kukimbia" hata moja kwenye karatasi yake aifute arudie. Kipaza sauti kinaanzia upande huu wa dirishani.